Rangi nzito inabanduka kwenye chupa na makopo yangu: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Kirumba, Mwanza. Nakusanya chupa za mvinyo, makopo ya maziwa ya unga na vindoo vya plastiki, navipamba kwa rangi nzito ninayoichanganya mwenyewe: rangi ya maji, uji wa unga wa ngano na mchanga wa ziwani. Vikikauka vinapendeza sana. Lakini baada ya wiki chache, hasa mvua zikianza, rangi inavimba, inapasuka na kubanduka vipande vizima. Makopo yanatoa madoa ya kutu juu ya rangi nyeupe. Mteja mmoja amenirudishia makopo ya maua aliyonunua kwangu, na nimebaki na chupa zaidi ya ishirini zilizoharibika. Tatizo ni nini, na nitumie mchanganyiko gani bila kununua zile rangi za wasanii za bei kubwa? Na hizi chupa nizitupe?

Jibu: Marahaba, dada. Usitupe chupa hata moja, nitakueleza mwishoni la kuzifanyia. Na rangi za wasanii huzihitaji. Kila kitu nitakachokutajia kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapo hapo mjini, na vingine utavipata bure Mwaloni, pale soko la samaki.

Tatizo lako liko chini ya rangi, mahali ambapo mteja haoni. Ukuta wa nyumba au ubao hunywa rangi kwa sababu una vitundu vidogo vidogo, rangi inaingia na kushika. Kioo hakina vitundu hivyo, na plastiki ndiyo kabisa. Rangi yako ilikuwa imekaa tu juu ya chupa, ikisubiri sababu ya kuondoka. Sababu hiyo umeichanganya humo humo: unga wa ngano. Wanga hunyonya unyevu wa hewani, unavimba, ukikauka unasinyaa, kisha unavimba tena. Kwa mtu wa Dodoma pengine ungechukua muda mrefu kabla ya kuleta shida. Kwako Kirumba, upepo wa ziwa unaingia dirishani asubuhi na jioni, na mvua za vuli zikishika kuanzia Oktoba hewa haikauki. Zaidi ya hapo, uji wa ngano ni chakula cha ukungu na mende. Uachane nao kwenye kitu chochote unachotaka kidumu.

Kwa hiyo muda wako mwingi uende kwenye kuandaa. Najua sehemu hii inachosha na mtu ana hamu ya kuona maua yakitokea, lakini kifaa kilichoandaliwa vizuri na kupambwa kwa urahisi kitadumu kuliko kilichopambwa kwa ufundi wote juu ya kioo chenye mafuta.

Tuanze na chupa. Iloweke kwenye maji ya moto na sabuni mpaka lebo itoke yenyewe. Gundi itakayobaki isugue kwa mafuta ya kula kidogo, iache robo saa, kisha osha tena kwa sabuni ya kuoshea vyombo mpaka maji yateleze bila kufanya matone. Ikikauka ikwaruze kote kwa msasa namba 120 uliolowa, ule mweusi wa maji. Ulowe kweli, maana vumbi la kioo halifai kuvutwa puani. Hutaona mabadiliko makubwa, kioo kitafifia tu kidogo, na huko kufifia ndiko unakokutafuta. Futa kwa spiriti na kitambaa safi, na tangu hapo ishike shingoni tu. Jasho na mafuta ya vidole yanatosha kuharibu kazi yote uliyofanya. Sasa paka praima ya mafuta, ile nyeupe isiyong'aa mafundi wanayotanguliza kwenye milango, mkono mmoja (yaani tabaka moja) mwembamba. Iache ikauke siku nzima, ipitishie msasa laini, halafu ndipo uanze mambo yako ya rangi ya maji.

Kuna njia ya pili, na kwa chupa mimi naipenda zaidi: vaa chupa kitambaa. Shuka kuukuu la pamba au kipande cha chandarua kilichochanika, ukichovye kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa maji kidogo, ukizungushe chupa nzima na kukibana kwa vidole. Hapo hata gundi isiposhika kioo sawasawa, kitambaa kimejifunga chenyewe kuzunguka chupa na hakina pa kwenda. Mikunjo inayotokea usiinyooshe yote. Ikipakwa rangi inakuwa pambo, na ni pambo ambalo hata mtu asiyejua kuchora analipata.

Makopo yana adabu yake. Kopo la maziwa ya unga ni chuma chembamba kilichofunikwa bati la kukinga kutu, na ukilifungua, ukilikwaruza au kulitoboa, kile kinga kinaondoka. Kutu yako nina hakika inaanzia sehemu tatu: ukingo wa juu, mshono wa ubavuni na pete ya chini ambako maji hutuama. Rangi ya maji ikigusa chuma kitupu inaanzisha kutu kabla hata haijakauka, ndiyo maana madoa yanapenya juu hata ukipaka mikono mitatu. Sugua kutu yote kwa msasa au brashi ya waya, futa kwa thina, kisha paka praima ya chuma, ile nyekundu ya kahawia wanayopaka wachomeleaji wa mageti. Pitisha mkono wa pili kwenye zile sehemu tatu. Ukingo ukiwa mkali, usijikate: pale Makoroboi kuna mafundi ambao kazi yao ni kugeuza mabati na makopo kuwa vifaa vya nyumbani, na hata jina la mahali limetokana na taa za koroboi. Waombe wakukunjie ukingo kwa ndani. Kwao ni kazi ya dakika chache.

Vindoo vya plastiki nitakuambia wazi: vingi vyake achana navyo kwa rangi. Geuza kifaa utazame kitako, utaona pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji ya kunywa na soda. Hizi zikikwaruzwa vizuri zinapokea praima. Namba 2 ni madumu na chupa nyingi za sabuni, namba 5 ni ndoo nyingi na vikopo vya siagi. Hizi mbili ni plastiki zinazokataa karibu kila gundi na kila rangi ya kawaida, hata ukizisugua msasa. Kama unazitaka sana, zivalishe: kamba ya katani iliyozungushwa kubana kutoka chini hadi juu, au kitenge kilichoshonwa kama soksi. Usizipake rangi nzito, zitakuaibisha.

Sasa mchanganyiko. Badala ya ngano, tumia puti ya unga ya ukutani, ile wanayoskimia nyumba. Chukua vikombe viwili vya puti, kikombe kimoja cha rangi nyeupe ya maji na nusu kikombe cha gundi nyeupe ya mbao. Kwenye duka la vifaa ulizia gundi iliyoandikwa inastahimili maji, ipo, na tofauti ya bei si kubwa. Changanya rangi na gundi kwanza, kisha mwagia puti kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka kijiko kikisimamishwa kinabaki wima. Ukiona umezidisha, ongeza maji kwa kijiko cha chai, usimwage. Funika kwa kitambaa kibichi unapofanya kazi, utapata saa moja au mbili kabla hakijaanza kugoma.

Wapo watakaokuambia utumie jipsamu ya dari. Inafanya kazi, na inakuwa nyeupe safi, lakini ina mambo mawili. Inaganda haraka, mara nyingi ndani ya nusu saa, na ikianza kuganda kuiongezea maji ni kuiua: itakauka lakini itakuwa unga unga. La pili, jipsamu huyeyuka polepole kwenye maji. Kwa fremu ya picha au chupa ya kuwekwa sebuleni, sawa. Kwa kopo la maua linalomwagiliwa, hapana. Kwa vyovyote, mabaki yoyote ya puti au jipsamu usiyamwage kwenye sinki wala choo. Yaache yagande kwenye kopo, utayagonga na kuyatupa.

Mchanga wako wa ziwani usiutupe, ni mzuri. Ziwa letu ni maji baridi, kwa hiyo mchanga wake hauna ile chumvi ya mchanga wa pwani ya bahari inayovuta unyevu. Shida yake ni tope na mabaki ya majani. Uoshe kwenye ndoo, koroga, mwaga maji machafu, rudia mpaka maji yabaki meupe. Uanike ukauke kabisa, uchekeche kwa chekecheo la chai. Nusu kikombe kwenye kipimo nilichokupa kinatosha kukupa ukwaruzo. Ukizidisha, mchanganyiko unakosa gundi ya kushika punje na utakuwa unapukutika kila ukiguswa.

Kanuni ya kupaka ni hii: unene wa milimita mbili, ukizidi sana tatu, kwa mkono mmoja. Ukitaka mwinuko mkubwa, jenga kwa mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukisubiri wa chini ukauke. Ukibandika donge nene mara moja, ngozi ya juu inakauka na kufungia maji ndani. Ndani inapokuja kusinyaa, juu inapasuka. Na anika kivulini penye upepo. Jua la Mwanza la saa saba mchana linakausha juu tu, na utaona nyufa siku hiyo hiyo.

Ukishapata mchanganyiko unaoshika, una kazi tamu mbele yako, na hapa ndipo ningependa uchezee vitu vya kwenu. Omba vipande vya nyavu chakavu kwa wavuvi. Paka mchanganyiko kwenye kopo, lizungushie wavu ukiwa umeuvuta ubane, gandamiza kwa sponji yenye unyevu, kisha uvue taratibu kabla haujaganda. Wavu wa sato utakuachia vyumba vikubwa vya umbo la almasi. Wavu wa dagaa wenye matundu madogo utakuachia ngozi inayofanana na kitambaa kilichofumwa. Ukichanganya zote mbili kwenye kopo moja, wa dagaa chini na wa sato juu, na kuacha ukanda mtupu katikati, tayari una kazi inayosema imetoka wapi bila kuandika neno Mwanza.

Mawe yetu nayo yanaigika. Simama pale kwenye jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapo mjini, ulitazame kwa karibu, si lile umbo lake la kwenye kadi za posta. Utaona si kijivu tupu. Kuna chembe nyeupe na za waridi hafifu, kuna vidoti vyeusi vinavyometa, na kuna michirizi ya kahawia na meusi ambako maji ya mvua hushukia. Kwenye chupa, anza na mchanganyiko wenye mchanga, uugonge gonge kwa sponji ili usilale sawa. Ukikauka paka kijivu cha wastani. Halafu chukua mswaki wa zamani, uchovye kwenye rangi nyeusi iliyolainishwa, ukung'ute mpaka karibu ukauke, uupitishie kidole gumba ili urushe vidoti. Rudia kwa nyeupe, kisha kwa waridi iliyochanganywa na kahawia. Mwisho, brashi nyembamba yenye rangi ya kahawia iliyojaa maji, iguse ukingo wa juu wa chupa na uache tone lishuke lenyewe. Usiongoze mkono hapo. Michirizi inayochorwa inaonekana ni ya kuchorwa.

Magamba ya samaki watu wanayadharau, nami nayaona ni hazina. Wanaopara samaki hapo Mwaloni watakupa bure magamba ya sangara na sato. Yaoshe kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, ubadilishe maji mara kadhaa, yaloweke usiku mmoja kwenye maji ya chumvi, yasuuze, uyapange kati ya karatasi mbili na kitu kizito juu. Usipoweka uzito yatajikunja. Yakikauka hayanuki, yanapitisha mwanga, na yanapokea rangi za kupakia ukili na mikeka. Yapange kwenye mchanganyiko ukiwa bado mbichi, kuanzia nje kwenda ndani, utapata ua lenye petali zinazong'aa ambalo plastiki ya dukani haiwezi kuiga. Magamba makubwa ya sangara yawe petali za nje.

Maganda ya mayai ni mteremko: menya ngozi ya ndani, paka gundi, weka kipande, kibonyeze kwa kidole kipasuke palepale, sogeza vipande kwa kijiti, kisha sugua rangi ya giza kwenye nyufa na ufute juu. Kitenge nacho kifue kwanza kutoa wanga wa dukani, la sivyo gundi haiingii.

Kuna jambo linalofanya kazi nzuri ionekane ya kitoto, nalo ni kupaka rangi moja bapa juu ya mwinuko wote. Umehangaika kuweka vilima na mabonde, kisha umevifuta kwa rangi. Fanya hivi: paka rangi ya giza kote, bluu nzito au kahawia ya kahawa, ihakikishe imeingia kwenye mabonde. Ikikauka, chukua brashi ya manyoya magumu, iguse kwenye rangi ya mwanga, ifute kwenye gazeti mpaka karibu isiache alama, halafu ipitishe kwa wepesi juu ya vilima tu. Kila kitu kinaamka. Dhahabu, kama unaipenda, iwe ya mwisho kabisa na iwe kidogo sana. Kwa maoni yangu vifaa vingi vinavyouzwa mjini vinaharibiwa na dhahabu.

Kabla ya vanishi, subiri. Kiangazi subiri siku mbili hadi tatu baada ya mkono wa mwisho. Wakati wa masika subiri wiki. Ukigusa kitu shavuni kikakupa ubaridi, bado kina maji. Vanishi ikifungia maji ndani itaweka ukungu mweupe usiofutika. Kwa kazi nyeupe tumia vanishi ya maji, kwa sababu ile ya mafuta ya mbao hugeuka njano kadiri miezi inavyokwenda. Kwa rangi za giza na kwa vitu vya barazani, ya mafuta ndiyo imara zaidi. Mikono miwili myembamba, na usisahau kitako.

Kuhusu makopo ya maua yaliyorudishwa: hata ungeandaa vizuri nje, kopo lenye udongo mbichi ndani litaoza kuanzia ndani na kusukuma rangi ya nje. Toboa matundu kitakoni, paka praima ya chuma na rangi ya mafuta upande wa ndani pia, na umshauri mteja apande maua kwenye kikopo cha plastiki kinachoingia humo. Hapo ndipo namba 2 na namba 5 zako zitapata kazi.

Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya mimea au ya mifugo, hata ukioshe vipi. Nunua rangi iliyoandikwa haina madini ya risasi, hasa kama watoto watagusa kazi hizo. Vaa barakoa unapokoroga puti na unaposugua msasa mkavu, na glavu pia, kwa sababu puti yenye saruji nyeupe inakula ngozi. Kikombe au bakuli la kulia lisipakwe ndani, na nje acha sentimita mbili kutoka ukingoni bila kitu. Chupa iliyovaa kitambaa isigeuzwe ya mshumaa.

Kabla hujauza kundi lolote jipya, jaribu kifaa kimoja. Kata alama ya msalaba kwa wembe mahali pasipoonekana, bandika tepu, igandamize, uivute kwa nguvu mara moja. Kikibanduka kipande, rudi kwenye maandalizi. Kisipobanduka, kiweke bafuni wiki moja ambako kuna mvuke kila siku, urudie tena. Kikipita hapo, muuzie hata mwenye hoteli ya Capri Point bila wasiwasi.

Na zile chupa ishirini na zaidi. Wanga uliokuponza sasa utakusaidia: zitumbukize kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na sabuni, uzilaze usiku kucha. Asubuhi rangi itakuwa imelegea, utaikwangua kwa kijiko cha mbao, na mabaki utayatoa kwa waya laini wa kusugulia sufuria. Vipande vikusanye kwenye kitambaa uvitupe na taka, visiende ziwani. Makopo usiyaloweke usiku mzima, saa moja inatosha, kisha yafute na kuyakausha juani papo hapo na kuyapaka praima siku hiyo hiyo, maana chuma kilicholowa hakisubiri kesho. Anza na chupa tatu tu: moja ya praima, moja ya kitambaa, moja ya mawe. Zipitishe kwenye tepu na bafu, na uniandikie ipi imeshinda kabla hujazigusa nyingine.